Karakana za Amali Zianze na Kipimo

Serikali ya Tanzania iliamua kujenga vyuo vya ufundi stadi katika wilaya 64 zilizokuwa hazina chuo, pamoja na chuo cha mkoa wa Songwe. Sambamba na hilo, tangu mwaka 2024 shule za sekondari zimeanza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali, kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Majengo yanainuka, na swali linalofuata ndilo gumu zaidi: ndani ya karakana ya ufundi mitambo tuweke nini, na kijana aanze kujifunza kipi?

Majibu yanayosikika sana ni mawili. Wapo wanaosema dunia imeshahamia kwenye mashine za kuchonga vyuma zinazoongozwa na kompyuta, maarufu kama CNC, kwa hiyo kumfundisha kijana leithi ya mkono ni kumwandalia kazi ambayo hataikuta. Wapo wanaojibu kwamba mashine hizo ni ghali, zikiharibika hakuna wa kuzitengeneza, na ni afadhali tubaki na leithi na tupa tulizozizoea. Kwa maoni yangu, wote wanabishana kuhusu mashine kabla ya kukubaliana kuhusu ujuzi. Uchongaji wa usahihi huanzia kwenye kupima. Fedha ya kwanza, muda wa kwanza na mtihani wa kwanza viende huko. Chuo kisichopima kwa uhakika hakiwezi kutoa fundi wa usahihi, hata kikiwa na mashine ya bei kubwa kiasi gani.

Tuitazame kazi yenyewe. Mwenye mashine ya kusaga unga analeta shafti iliyolika, anataka mpya. Beringi yake ina tundu la milimita 25. Kwa daraja moja la usahihi linalotumika sana katika kazi ya namna hiyo, majedwali ya kimataifa yanataka sehemu ya shafti inayokaa beringi iwe kati ya milimita 25.002 na 25.015. Nafasi nzima aliyopewa fundi ni milimita 0.013, ambayo ni ndogo mara kadhaa kuliko unene wa unywele. Shafti ikiwa nyembamba kuliko hapo, pete ya ndani ya beringi itateleza juu yake na kuilamba taratibu hadi ianze kucheza. Ikiwa nene mno, pete itatanuka, gololi zitakosa nafasi, beringi itapata moto na kufa kabla ya wakati wake. Mteja atarudi akilalamika kwamba beringi za siku hizi ni feki, atanunua nyingine, nayo itakufa vilevile. Huenda kosa halikuwa dukani hata kidogo. Lilifanyika karakanani, kwenye sehemu ya milimita ambayo hakuna aliyeipima.

Hasara ya namna hiyo haiishii kwa msagishaji wa kijijini. Kiwanda cha sukari kikisimama katikati ya msimu kwa sababu ya gia moja, miwa iliyokwisha kukatwa inaendelea kupoteza sukari. Kiwanda cha saruji, mgodi, kinu cha kukamua alizeti na karakana ya reli, vyote vinategemea vipuri vinavyoingia mahali pake bila kulazimishwa. Kipuri kisipopatikana nchini kinaagizwa ng'ambo, nacho kinakula fedha za kigeni na wiki kadhaa za kusubiri. Taifa linalosema linataka viwanda linahitaji watu wanaoweza kuchonga kipuri hicho hapa na kuthibitisha kwamba kimechongwa sawasawa.

Hoja ya wanaotetea CNC ina uzito na haifai kupuuzwa. Mashine hiyo hurudia kazi ileile mara mia bila kuchoka. Huchonga maumbo ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuyafuata. Waajiri wakubwa wanazo tayari, na kijana ambaye hajawahi kusimama mbele ya mojawapo ataonekana mgeni siku ya usaili. Isitoshe, kijana aliyekua na simu ya kiganjani hujifunza kuandika programu fupi ya kuchonga kwa haraka, na jambo hilo humpa moyo wa kuendelea. Haya yote ni kweli.

Hata hivyo, tuangalie mashine hiyo inavyofanya kazi. CNC hupeleka kisu mahali ilipoambiwa, nayo haijui kama kilichotoka ndicho kilichotakiwa. Ncha ya kisu hulika kadiri inavyokata. Ikilika milimita 0.02 tu, kipenyo cha nje cha kazi iliyo kwenye leithi huongezeka milimita 0.04, kwa sababu kinachopotea kwenye ncha huonekana pande zote mbili za kipenyo. Mashine haitalalamika. Itaendelea kuchonga vipande vibovu kwa kasi na kwa nidhamu ileile. Anayeweza kuizuia ni mtu aliyechukua kipande cha kwanza, akakipima, akaingiza marekebisho, kisha akarudi kupima kipande cha kumi na cha ishirini. Kwa hiyo kompyuta haimwondolei fundi mzigo wa kupima. Inauongeza, kwa sababu sasa kosa dogo linazaa lundo la chuma kilichoharibika.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi wa nchi za joto. Vipimo vya viwandani duniani huhesabiwa katika nyuzi joto 20 za Selsiasi. Chuma cha kawaida chenye urefu wa milimita 100 hutanuka kama milimita 0.0115 kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Sasa chukua shafti yenye kipenyo cha milimita 100 ambayo imetoka kukatwa ikiwa na nyuzi 60, katika karakana yenye nyuzi 30. Mwanafunzi anaipima ikiwa bado ya moto, anasoma milimita 100 kamili, anafurahi na kuifungua. Ikishapoa itakuwa imepungua karibu milimita 0.035. Kwa daraja la usahihi liitwalo h7, nafasi yote inayoruhusiwa kwenye shafti ya ukubwa huo ni milimita 0.035 hizohizo. Mwanafunzi hakukosea kusoma wala hakukosea kukata, ila hakufundishwa kusubiri. Somo kama hilo halimo kwenye kitufe cha mashine yoyote. Linakuja kwa kupima kipande kikiwa cha moto, kukipima tena kikiwa kimepoa, na kuandika tofauti kwenye daftari.

Historia ya fani hii inaelekea upande huohuo. Henry Maudslay, fundi wa Uingereza aliyeboresha leithi ya kukata nyuzi za skrubu mwishoni mwa karne ya 18, aliweka kwenye karakana yake maikromita ya mezani iliyokuwa mwamuzi wa mwisho wa kila ubishi wa kipimo. Karakana hiyo iliwapitisha mafundi kama James Nasmyth na Joseph Whitworth, na huyo wa pili ndiye aliyependekeza mwaka 1841 kwamba nyuzi za skrubu ziwe na vipimo vinavyofanana nchi nzima. Mashine ya kwanza ya kuchonga kwa maelekezo ya namba ilioneshwa hadharani katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952. Kati ya Maudslay na MIT kuna karne moja na nusu ya watu kujifunza kupima, na kompyuta ilijengwa juu ya msingi huo. Hatuna haja ya kurudia miaka yote hiyo, lakini hatuwezi kuuruka msingi wenyewe.

Jirani zetu wa Kenya nao wana funzo la kutupa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya mfano ya Nyayo Pioneer yakazinduliwa. Gari hilo halikuwahi kuzalishwa kwa wingi. Juhudi zile zilizaa karakana ya Numerical Machining Complex, yenye mashine za kuchonga kwa namba, ambayo iligeukia kuchonga vipuri. Ninachojifunza hapo ni kwamba ujuzi wa usahihi haukai kwa sababu mashine zipo. Unakaa pale kazi zinapoendelea kuingia na mteja anapokagua kila anachopokea. Baadaye, kuanzia mwaka 2014, kampuni ya Kichina ya AVIC iliendesha nchini humo mashindano ya vyuo vya ufundi katika uchongaji, na sehemu ya tuzo ilikuwa oda ya kutengeneza vipuri. Hiyo ni njia yenye busara, kwa kuwa mwanafunzi anayechonga kwa ajili ya mteja hujifunza kwamba mchoro ni mkataba.

Wapo pia wanaotaka tuige Ujerumani, ambako mwanafunzi wa uchongaji hufundishwa kwa miaka mitatu na nusu na kwa desturi huanza na tupa na jiliwa. Naiheshimu desturi hiyo. Tukumbuke lakini kwamba kijana wa Kijerumani ana mkataba na mwajiri, analipwa posho, na sehemu kubwa ya wiki yake anaitumia kiwandani. Tukiazima tupa tukamwacha mwajiri, tutakuwa tumechukua jasho bila kuchukua mfumo. Tupa ina faida pale tu kila uso uliopigwa unapopimwa na mwanafunzi akaambiwa amekosea kwa kiasi gani. Kupiga tupa kwa miezi bila kupima ni adhabu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila karakana ya chuo na ya shule ya amali ipewe vipimo vya kutosha kabla ya mashine ya ziada: venia na maikromita kwa kila mwanafunzi aliye kwenye zamu, saa ya kupimia, vipande vya chuma vya kuhakikia vipimo, na chumba kidogo kinachodhibitiwa joto. Vipimo hivyo vihakikiwe kwa ratiba, na Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi kwa kazi hiyo. Maikromita iliyoanguka sakafuni ikaendelea kutumika ni mwalimu mwongo.

Pili, mtihani wa vitendo ubadilike. Kipande cha mwanafunzi kisihukumiwe kwa mng'aro wake wala kwa jicho la mkufunzi. Kipimwe na mtu wa pili ambaye hajui ni cha nani, matokeo yaandikwe, na mwanafunzi mwenyewe awasilishe karatasi yake ya vipimo. Akikosea kipande lakini akaliona kosa na kulitaja, apate alama kwa hilo, maana kiwandani fundi anayekiri kipande kibovu huokoa fedha kuliko anayekificha.

Tatu, mashine za CNC zinunuliwe, lakini ziwekwe kwenye vyuo vichache vya kanda vyenye umeme wa uhakika, wakufunzi waliobobea na bajeti ya visu na matengenezo. Wanafunzi wa wilayani wapelekwe huko kwa awamu, wakiwa tayari wanasoma mchoro na kupima bila kusimamiwa. Mashine moja inayokata chuma kila siku inafundisha vijana wengi kuliko kumi zilizofunikwa turubai.

Nne, viwanda vilete oda. Waajiri wanachangia tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, na kwa muda mrefu wamelalamika kwamba hawaioni faida yake. Njia ya kuiona ni kuvipa vyuo michoro halisi ya vipuri vyao rahisi, kukagua bila huruma vipuri vinavyochongwa, kuvilipia vinavyofaa na kurudisha visivyofaa pamoja na maelezo. Wakufunzi nao warudi viwandani mara kwa mara, kwa sababu mwalimu hawezi kufundisha usahihi aliousahau.

Haya yana gharama, hasa ya muda. Mwanafunzi anayepima kila hatua atamaliza vipande vichache kwa muhula, na mgeni anayetembelea chuo hatavutiwa na kabati la maikromita kama anavyovutiwa na mashine mpya yenye skrini. Kiongozi atakayetenga fedha kwa ajili ya vipimo na chuma cha mazoezi hatapata utepe wa kukata. Atawapa wenye viwanda mafundi ambao kazi yao haihitaji kurudiwa, na atawapa vijana cheti ambacho mwajiri wa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat anaweza kukithibitisha kwa kupima kipande walichochonga. Kamati zinazoandaa orodha za manunuzi ya vyuo vipya ziwe na ujasiri wa kuandika vipimo katika mstari wa kwanza.