Kiwango cha Kuvuna Kihesabiwe Kwenye Kisiki

Ndugu zangu wa vijiji vyenye misitu, na hasa ninyi wa Kilwa, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilivipa vijiji haki ya kutenga misitu yao, kuisimamia na kula mapato yake. Haki hiyo inakwenda na mpango wa usimamizi, unaoweka kiwango cha uvunaji. Kiwango hicho hakikuwekwa kumkomoa mtu. Mpingo huchukua miaka zaidi ya 70 kufikia unene wa kuvunwa. Anayeukata ukiwa mchanga anamdhulumu mjukuu ambaye hajazaliwa.

Lakini kiwango kilichofungiwa kabatini hakijapata kuzuia shoka hata moja. Wengi wetu tunalitegemea geti la barabarani. Gogo likifika getini, mti umekwisha anguka! Afisa anaona karatasi na shehena. Visiki vilivyobaki porini havioni. Kibali kimoja kikitumika mara mbili, atajuaje?

Ulinzi wa kweli uko msituni. Mjumbe wa kamati ya maliasili awepo mti unapoangushwa, apime unene, aandike daftarini, na nyundo ya kutia alama igongwe kwenye gogo na kwenye kisiki pia. Baada ya hapo, kisiki kisicho na alama kitamshitaki mwizi hata kama hakuna aliyemwona. Misitu ya baadhi ya vijiji vya Kilwa ilipopata cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, mnunuzi aliahidiwa kwamba gogo linaweza kufuatiliwa hadi lilikotoka.

Wala tusidhani utajiri wa serikali unatosha. Kanada ilikuwa na meli za doria na wataalamu, lakini viwango vya uvuvi wa chewa huko Newfoundland viliwekwa juu kuliko samaki walivyoweza kustahimili. Mwaka 1992 uvuvi ule ulifungwa, na maelfu ya watu wakakosa kazi.

Najua ugumu ulipo. Mkataji ni shemeji yako, na anayemtuma ndiye aliyekukopesha fedha za mbegu. Kwa hiyo mzigo huu asiachiwe mjumbe mmoja. Katika mkutano mkuu wa kijiji ujao, simameni mdai daftari lisomwe hadharani: miti mingapi imekatwa, ya nani, na fedha ziko wapi. Lisiposomwa, msikubali kibali kingine kitolewe.