Risala ya Wagonjwa wa Ini na Wauguzaji Wao, Wilaya ya Kongwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya, na viongozi wote wa meza kuu,

Kwa heshima na taadhima tunawasilisha kero zetu, sisi tunaougua ini lililosinyaa na wanaotuuguza.

1. Ini likijaa makovu, damu itokayo tumboni hukosa njia na presha hupanda katika mshipa mkuu unaoingia kwenye ini. Bandama huvimba, tumbo hujaa maji, mishipa ya umio hututumka hadi ipasuke. Wenzetu wamezikwa baada ya kutapika damu usiku mmoja, na jamaa wakabaki wakitafuta mchawi. Altrasaundi ingeweza kuonyesha dalili mapema, bila kisu wala sindano: mshipa huo ukizidi milimita 13, bandama ikipita sentimita 13, au altrasaundi ya Doppler, inayopima mwendo wa damu, ikionyesha damu inakwenda taratibu mno au inarudi ilikotoka. Vituoni mashine huonekana ni ya wajawazito tu (hatuwaonei kijicho mama zetu), nasi tukipimwa huandikiwa "ini si zuri". Tunaomba wataalamu wafundishwe kipimo hiki, na majibu yaandikwe kwa tarakimu ili daktari tunakopewa rufaa asianze upya.

2. Lakini picha safi ya altrasaundi peke yake haimtoi mtu hatarini. Miongozo ya kimataifa ya Baveno VII kuhusu presha hiyo ya ini, iliyochapishwa 2022, inasema ugumu wa ini ukiwa chini ya kilopaskali 20 na chembe sahani zikizidi 150,000 kwa mikrolita, mgonjwa anaweza kusamehewa kipimo cha kumeza kamera ya kukagua mishipa ya umio. Sisi huuza mbuzi tupate nauli ya kwenda kupimwa hivyo Dodoma mjini, zaidi ya kilomita 80, hata yule ambaye pengine angesamehewa. Tunaomba hesabu kamili ya damu ipatikane hapa wakati wote, na mashine ya kupima ugumu wa ini ije na kliniki ya mkoba, walau kila robo mwaka.

3. Propranolol hushusha presha ya mshipa huo wa ini, na ni kidonge cha bei ndogo. Tunaomba isikosekane dirishani kwa wale walioandikiwa na daktari.

4. Kinga nayo ni muhimu, maana sumukuvu na virusi huharibu ini. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chanjo ya homa ya ini B nayo ilianza kutolewa kwa watoto nchini mwaka 2002. Wengi wetu tulikuwa watu wazima tayari, hivyo hatukuipata. Tunaomba watu wazima wapimwe virusi vya homa hiyo bila malipo, na mahindi ya soko la Kibaigwa yakaguliwe kila msimu.