Mtoto wa Basari Naye Afundishwe Kutoa

Ukipanda matatu asubuhi hapa Kisumu, ukapita Maseno na Ugunja, ukavuka mpaka Busia na kushika njia ya Tororo, unafika Mbale kabla jua halijatua. Huko, kwenye kilima cha Nabugoye, wanaishi Wayahudi. Ni wakulima wa kawaida wa mashariki mwa Uganda, ambao wazee wao walimfuata Semei Kakungulu alipoishika dini hiyo mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku, wakabaki wachache. Leo wanakadiriwa kuwa kama 2,000.

Mimi ni mwalimu wa somo la dini katika shule ya upili huku Manyatta, na kila tukifika kwenye sheria za Musa huwatajia wanafunzi wangu majirani hawa. Kuna jambo moja katika sheria yao ambalo natamani kila mtoto wa huku kwetu Kisumu alijue. Maimonides, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba hata maskini anayeishi kwa sadaka anapaswa kutoa sadaka. Kidogo tu, lakini atoe.

Nadhani vijana wa Nabugoye wanaihitaji sheria hiyo kuliko Wayahudi wenzao wa New York. Wengi wamesomeshwa kwa fedha za wafadhili kutoka Marekani. Mtoto wa aina hiyo anaweza kukua akijua kupokea tu: aandike barua ya shukrani, apigwe picha na mgeni, angoje muhula ujao. Bahati yao ni kwamba mfano mwingine uko pale pale nyumbani. Mwaka 2004 J.J. Keki, mkulima wa jamii hiyo, aliwaunganisha majirani zake Wayahudi, Wakristo na Waislamu katika ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, wauze pamoja kwa bei ya haki. Katika ngazi nane za sadaka alizozipanga Maimonides, ya juu kabisa ni kumpa mtu kazi, mkopo au ubia hadi asihitaji tena kuomba. Vijana wa pale wameona mkulima asiye na mali akipanda ngazi hiyo.

Watoto wetu huona nini? Huona harambee: meza kuu, mgeni wa heshima, majina na viwango vikisomwa kwenye kipaza sauti. Huona michango ya matanga ikiendeshwa na wakubwa kwenye WhatsApp. Wanajifunza kwamba kutoa ni kazi ya mheshimiwa, na kwamba wao zamu yao ni kupanga foleni ya basari.

Mafuriko ya 2024 yalipowatoa watu makwao kule Nyando wakahamia kambini, wanafunzi wangu wa kidato cha pili walitoboa mkebe wa Blue Band wakaanza kuchanga. Niliwapa sharti moja, waamue wenyewe pesa ziende wapi. Karibu nusu yao wanasoma kwa basari. Msichana mmoja, ambaye mama yake huuza omena Kibuye, hakuwa na sarafu. Alileta omena ya gorogoro moja, imejazwa hadi juu ikafanya kichuguu, akaomba inunuliwe na walimu ili bei yake iingie mkebeni. Kisha wakabishana kipindi kizima: unga au madaftari? Madaftari yakashinda, kwa hoja ya mvulana aliyesema kambini watu watakumbuka chakula, lakini hakuna atakayekumbuka kwamba mtu ana mtihani wa hesabu. Sijapata kuona darasa likifikiri kwa bidii hivyo.

Kuna wanaoniambia ni ukatili kumdai sadaka mtoto asiye na viatu. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukatili ni kumlea akiamini hana chochote ambacho mwenzake anakihitaji.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa Nabugoye, na wa makanisa, misikiti na gurdwara za hapa Kisumu, pamoja na kila mfadhili anayelipia mtoto karo: muhula huu, mpeni mtoto huyo nafasi ya kutoa. Iwe shilingi kumi, iwe Jumamosi moja ya kumfundisha jirani kusoma. Na mwacheni achague mwenyewe wa kumpa.