Elimu Yenye Kutajwa na Elimu Yenye Kufaa



Kijana mmoja wa hapa Masieda, aliyesoma chuoni kwetu na sasa yuko sekondari, alitujia na swali. Amesikia ya kuwa wataalamu wa elimu ya tiba hupimwa kwa wingi wa makala walizoandika, na kwa idadi ya mara ambazo makala hizo zimetajwa na wenzao. Akauliza: Je, kipimo hiki ni cha haki? Tumeona jawabu lake lawafaa wazazi pia, khasa wenye watoto wanaotamani kuwa madaktari.

Kwanza na tuifahamu desturi yenyewe. Mtaalamu akichunguza jambo huliandika, na maandiko yake husomwa na wajuzi wenziwe kabla ya kupigwa chapa katika jarida. Akija mwingine kujenga juu ya kazi hiyo, yampasa amtaje aliyemtangulia. Sisi watu wa chuoni hatuoni ugeni katika hilo, kwani twajua jinsi wanazuoni wa hadithi walivyohifadhi majina ya wapokezi, mmoja baada ya mmoja, ili ijulikane neno limetoka kwa nani. Mnamo 2005 Jorge Hirsch, mjuzi wa fizikia huko Marekani, alitunga hesabu yake: mwenye makala 10 zilizotajwa kila moja si chini ya mara 10, na asiwe na 11 za namna hiyo, daraja lake ni 10.

Mfano tunao karibu, katika Hospitali ya Haydom, wilayani kwetu Mbulu. Wakunga wa hapo walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyevuta pumzi. Mwaka 2013 Dk. Hege Ersdal wa Norwei na wenziwe waliandika matokeo bila kuficha: wakunga walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini katika chumba cha kuzalia mambo hayakubadilika. Ni wangapi kati yetu wangalikubali kutangaza kwamba kazi yao haikuleta walichokitarajia?

Lakini ukweli ule ndio uliofungua mlango. Estomih Mduma na wenziwe waliyashika maneno hayo, wakaandika mwaka 2015 ya kwamba mafunzo yalipofanywa kuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua Haydom kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000. Kisha kazi ikapanuliwa hata ikafika vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mwaka 2025 Dk. Benjamin Kamala, jina lake likiwa la kwanza katika orodha ya waandishi, alitangaza matokeo katika New England Journal of Medicine, jarida mashuhuri la waganga: vifo vya akina mama katika siku saba baada ya kuzaa vilishuka kutoka takriban 240 hadi takriban 60 katika kila 100,000.

Basi tazameni, ndugu zetu. Kutajana huku si fakhari tupu. Ni mnyororo, na katika ncha yake yuko mama arudiye nyumbani na mtoto mgongoni.

Ama hesabu peke yake yaweza kudanganya. Mwaka 1998 Andrew Wakefield wa Uingereza aliandika juu ya watoto 12, akatia watu shaka kuhusu chanjo ya surua. Jarida la Lancet liliifuta makala yake mwaka 2010, baada ya kubainika kwamba maelezo yake hayakuwa ya kweli. Nayo imetajwa katika maandiko zaidi ya 1,000, na mengi yao yaliitaja ili kuikanusha! Mwenye kuhesabu tu angedhani huyo ni mjuzi mkubwa, na hali watoto waliachwa bila kinga kwa sababu ya maneno yake.

Kwa hivyo jawabu letu kwa kijana ni hili: idadi yaonyesha kwamba neno limesikiwa, haionyeshi kama ni la kweli wala kama limemfaa mtu. Uliza ametajwa mara ngapi, kisha uulize ametajwa kwa lipi.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi na daftari lenye makosa, msimfundishe kuyaficha. Mwambieni ayaonyeshe, ayasahihishe, na amtaje aliyemsaidia. Huko ndiko anakoanzia mtaalamu mwaminifu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, itakayobaki ikiwafaa watu baada yetu. Amin.