Königsberg tatu na wavutaji wa mizinga

Safu ya Hamisi Mwinyimkuu

Haikutimia hata miezi sita tangu manowari ya Kijerumani Königsberg izame kwenye mikoko ya Rufiji, Wajerumani wakashusha nyingine majini na kuipa jina lile lile. Ndivyo majeshi ya majini yanavyofanya: meli hufa, jina hurithiwa.

Königsberg ya Rufiji ilifika Dar es Salaam Juni 1914 ikiongozwa na Nahodha Max Looff. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga Zanzibar ikifanyiwa matengenezo, ikaizamisha. Punde mitambo yake yenyewe ikaharibika, nayo ikajificha kwenye delta. Vipande vya boila vilivutwa na Waafrika nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Waingereza waliizingira kwa miezi kadhaa, kisha wakaleta Severn na Mersey, meli zinazoweza kuelea kwenye maji machache, huku ndege zikiwaelekeza wapiga mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 Looff akaamuru meli yake izamishwe.

Mizinga yake 10 ikaopolewa. Ikatiwa magurudumu, ikavutwa porini kwa nguvu za watu kumpigania Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria.

Königsberg ya pili ilipewa kazi chungu. Novemba 1918 ilimpeleka Admirali Hugo Meurer Uskoti kupanga namna meli za Ujerumani zitakavyokabidhiwa kwa Waingereza. Wafaransa wakaichukua na kuiita Metz, jina la mji waliokuwa wamerudishiwa.

Ya tatu ilizamia gatini Bergen, Norway, tarehe 10 Aprili 1940. Ndege za Waingereza kutoka visiwa vya Orkney ndizo zilizoipiga mabomu, siku moja tu baada ya mizinga ya pwani ya Wanorwe kuijeruhi.

Waingereza nao hawakuliacha jina la Pegasus lipotee. Mwaka 1934 waliipa jina hilo meli yao kongwe iliyoitwa Ark Royal, ili jina la Ark Royal, lililojulikana tangu vita dhidi ya Wahispania mwaka 1588, libaki wazi kwa meli mpya ya kubebea ndege. Mabaharia wa Pegasus waliokufa Zanzibar wana makaburi yao kisiwani Chapwani.

Wapagazi waliovuta boila na mizinga ile je? Maelfu kwa maelfu walikufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwa njaa, maradhi na uchovu, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana, sembuse meli ya kubeba majina yao. Hili ni deni. Makumbusho yanayoonyesha mizinga ya Königsberg, na walimu wanaosomesha vita vya Rufiji kutoka Kibiti hadi Mombasa, wawataje waliovuta chuma kile kabla ya kumtaja Looff. Wazee wa Rufiji wenye masimulizi waliyoachiwa na babu zao nao wafuatwe na kurekodiwa sasa, wangali hai.