Ukienda Kuona Kasri, Lala Nakuru

Najua mpango wenu. Mko wanne hapo Umoja ama Kayole, mmechanga doo tangu Januari, na wa kwanza kufungua mdomo anasema Naivasha. Kila mara Naivasha! Kama unataka baiskeli za Hell's Gate kisha urudi, sawa. Lakini kama safari ni ya mashamba ya ngano ya Njoro na Kasri la Lord Egerton, kutoka Naivasha utakula lami zaidi ya kilomita 80 kabla hujaona kitu. Na jioni urudi.

Laleni Nakuru, mjini, karibu na steji. Panda mathree hadi Ngata, umalizie na boda. Kesho yake Menengai, halafu Hyrax Hill. Kitanda ni kimoja, begi halifungwi.

Egerton alianza kujenga 1938, akamaliza 1954. Inasimuliwa mwanamke aliyemtaka alimkataa, naye akapiga wanawake marufuku mle ndani. Jumba lote lile, peke yake! (Sisi huku bedsitter tunalala watatu.)

Mwaka jana tulilala Naivasha. Siku ya pili mwenzetu mmoja akasema tumbo linamuuma, akarudi Eastlands. Baadaye ndio tulijua nauli ilikuwa imemwishia, akaona aibu kusema. Kasri hakuliona.

Safari hii tumemwachia yeye achague pa kulala. Amesema Nakuru.