Jiwe la Katikati ya Mto Lwakhakha

Najua picha unayoitafuta. Mlima Elgon nyuma, ukungu umeukalia, wewe umesimama juu ya jiwe katikati ya Mto Lwakhakha, nusu Kenya nusu Uganda. Hata mimi niliitafuta. Jiwe lilikuwa na utelezi, nikatumbukia hadi kifuani. Mama mmoja aliyekuwa akifua alinirushia leso akanivuta, kisha akanigombeza kama mwanawe: "Mwanangu, huu mto hauangalii jua la hapa!"

Alikuwa sawa. Elgon una mita 4,321. Mvua ikipiga huko juu, maji hushuka ghafla huku chini mkiota jua. Oktoba 2018, ng'ambo ya mpaka kule Bududa, Mto Suume ulifurika ukabeba mawe na nyumba, watu zaidi ya 40 wakafa. Na hao hawakuwa wakipiga picha, walikuwa kwao.

Watafiti nchini India walihesabu vifo 259 vya selfi duniani kati ya Oktoba 2011 na Novemba 2017. Kuzama majini kuliongoza, mbele ya kuanguka.

Usiniambie unajua kuogelea. Hata mimi najua, manze. Elgon hupendeza asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaupanda, hata ukiupiga kutoka barabarani. Mto nao upige ukiwa ukingoni, na ukiona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, toka.

Laiki zangu? Sifuri. Picha ilienda na simu, na mpya bado nailipia pole pole.